KWA NINI SITAUNGA MKONO AZIMIO LA MAGOBORE

*Maoni ya Katibu Mwenezi wa Tawi*



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tulivyozoea. Aliye shambani ausome jioni, na asiye na simu ya kufungua maandishi marefu asomewe na jirani. Ninayoandika ni maoni yangu mimi mwenezi wenu. Kamati ya tawi haijakaa. Itakaa Jumamosi, na huko mtanipinga mkitaka.

Tangu wale vijana wawili wa kitongoji cha mtoni wakamatwe usiku wakiwa na gobore, tochi, mbwa na mapaja ya kuro, simu yangu haijapumzika. Wapo waliopiga kuuliza habari za dhamana, hao niliwaelekeza. Lakini wengi mnataka jambo jingine. Mnataka tawi lipeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kijiji kiazimie kwamba kila kaya inayopakana na pori iachiwe gobore lake, la kulinda shamba na la kujipatia kitoweo. Rasimu ya azimio hilo ninayo. Imeandikwa vizuri, na aliyeiandika ni mzee ninayemheshimu. Sitaiunga mkono, na ni haki yenu kujua sababu kabla ya Jumamosi.

Nianze na hasira zenu, kwa sababu zina msingi. Ekari tatu za mahindi mtu amezihangaikia miezi minne, tembo wanazimaliza usiku mmoja, asubuhi anabaki kuhesabu nyayo. Anakwenda kutoa taarifa, anaambiwa asubiri tathmini. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilisema wazi kwamba malipo hayo si fidia, ni pole. Kiwango cha juu cha mazao kiliwekwa shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na kadiri shamba lilivyokaribia mpaka wa hifadhi ndivyo kiwango kilivyoshuka. Sisi tulio mpakani ndio wenye hasara kubwa, na ndio wenye pole ndogo. Anayewaambia mkae kimya hapo hajawahi kulala kwenye dungu.

Kuna na historia. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyofanya uwindaji kuwa jambo la leseni, na mtu aliyewinda jana kama baba yake alivyowinda akaamka mvunja sheria. Pori tunalopakana nalo limeitwa Selous, jina la Mwingereza Frederick Selous, mwindaji wa tembo, aliyeuawa kwa risasi ya Wajerumani pale Beho Beho Januari 1917. Babu zetu waliowinda humo kabla yake hawakuwekewa hata kibao. Na leo mgeni anashuka na raifo yake ndani ya sanduku, anapewa kibali, anapiga nyati kwenye kitalu, anarudi kwao na pembe na picha. Mwanachama mmoja aliniambia juzi: "Mwenezi, tofauti ya mwindaji na jangili ni pasipoti." Nilicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Sasa tuliangalie gobore lenyewe, maana naona tunalitetea kama ndugu wa damu na hatujalichunguza kama chombo.

Gobore ni bomba. Mengi ya huku yametengenezwa na wahunzi kwa mabomba ya maji, chuma ambacho hakikukusudiwa kubeba mlipuko. Linashindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha gololi au vipande vya nondo, kisha kitambaa. Hakuna anayepima baruti hiyo. Mtu anamimina kwa kiganja, kwa kubahatisha. Ndani ya mtutu hakuna ile mifereji inayoizungusha risasi ya raifo ikaenda moja kwa moja. Kipande cha nondo kinatoka kikipinduka hewani, na kikivuka hatua thelathini au arobaini hakuna ajuaye kitaangukia wapi. Halafu ni mara moja tu. Ukikosa, au ukijeruhi, unasimama kushindilia upya huku mnyama anakutazama.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliishi na vidole viwili mkono wa kushoto. Gobore lilimpasukia akilenga nguruwe kwenye mihogo. Nguruwe alikwenda zake. Sisi tulikuwa watoto, tukadhani vidole vile ni alama ya ushujaa, na yeye hakutusahihisha hadi siku nilipoanza kulishika la kwake nikiwa na miaka kumi na sita. Siku hiyo alilichukua, akalivunja kitako, bomba akalitia chooni. Sijamsikia tena akizungumzia uwindaji.

Wawindaji wanaojua kazi yao hawaanzi na bunduki, wanaanza na mnyama. Kanga na kwale ni kazi ya bunduki ya marisau. Vichembe vinatawanyika, ndege anaanguka, na masafa yake ni mita thelathini na kitu, arobaini ukiwa hodari. Swala pala mwenye kilo hamsini au sitini anahitaji raifo ya wastani. Ile ya .30-06, ambayo imekuwapo tangu 1906, hutupa risasi ya gramu kumi na kidogo na inatosha hata kwa wanyama wakubwa kuliko pala, kwa mpigaji mtulivu. Nyati ni habari nyingine. Dume lina kilo mia saba na zaidi, mfupa wa bega ni mnene, na ngozi ya shingo ni kama tairi. Kwa wanyama wa hatari kama nyati, tembo, simba na kiboko, kiwango cha chini kinachokubalika hapa nchini ni kaliba ya .375, yaani risasi yenye unene wa milimita tisa na nusu na uzito wa karibu gramu ishirini. Hata hiyo kwa tembo wengi huiona ndogo, wanapanda hadi .458.

Mtaniuliza, mbona basi tusichukue kubwa kabisa kwa wote? Kwa sababu .375 kwa digidigi wa kilo tano haikuachii kitoweo, inakuachia manyoya. Na teke lake linamfanya asiyeizoea afumbe macho kabla ya kufyatua, akakosa au akajeruhi. Bunduki inayomfaa mwindaji ni ile inayomwangusha mnyama aliyemlenga, papo hapo, na ambayo yeye mwenyewe anaimudu. Na wale wanaonong'ona kwamba SMG ingemaliza mjadala, SMG ni silaha ya vita. Risasi yake ina gramu nane tu, ndogo mno kwa nyati, na silaha za kufyatua mfululizo zimekatazwa kuwindia. Tafadhali neno hilo tusilisikie tena kwenye vikao vya tawi hili.

Nimeeleza haya ili tufike hapa: nyati aliyepigwa gobore mara nyingi hafi papo hapo. Anaingia kichakani na chuma mwilini, jeraha linaoza, na anayekutana naye wiki ya pili ni mama anayekata kuni au mtoto anayekwenda shule. Mpigaji yuko kwake amelala. Tembo ni hivyo hivyo. Tembo aliyechomwa nondo ya paja haogopi shamba, analichukia, na anarudi na hasira ambayo hakuja nayo mara ya kwanza. Rasimu inasema gobore litalinda mashamba. Mimi naona litatuongezea majeruhi wa aina mbili, wenye miguu miwili na wenye minne.

Nije kwenye sheria, maana hapa naona tunapotoshana sana.

Zipo sheria mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hiyo inahusu nani amiliki bunduki. Inataka mtu awe na cheti cha kuonyesha kwamba anajua kuitumia, awe na leseni, na bunduki itunzwe mahali salama. Leseni ni ya mtu na ya bunduki ile. Huwezi kumwazima shemeji kama jembe. Ya pili ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Hiyo inahusu nani awinde, mnyama gani, wapi, lini na kwa njia gani. Kwa hiyo mwenye bunduki halali bila leseni ya uwindaji akiwinda ni mkosaji. Na mwenye leseni ya uwindaji akishika silaha isiyosajiliwa ni mkosaji vilevile. Karatasi mbili, na kila moja ina ofisi yake.

Sheria hiyo ya pili imekataza mambo ambayo huku kwetu tunayaona ya kawaida kabisa: kuwinda usiku, kuwinda kwa tochi, kuwinda kwa mbwa, mitego ya waya, mashimo, sumu, moto, kufukuza kwa gari. Warudieni wale vijana wetu sasa. Walikuwa na gobore, usiku, tochi, mbwa. Hata kama kijiji kingekuwa kimeazimia magobore mwaka jana, yale mengine yangebaki palepale. Na azimio la kijiji halifuti sheria ya Bunge. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, lakini haziwezi kupingana na sheria za nchi, na halmashauri ya wilaya haitazipitisha. Mtu atalibeba lile azimio mfukoni akidhani ni kinga, askari atalisoma, na litakuwa ushahidi dhidi yake na dhidi ya mwenyekiti wa kijiji aliyeligonga muhuri.

Adhabu si ya kuchezea. Kumiliki silaha kinyume cha sheria na kukutwa na nyara za serikali ni makosa yaliyoingizwa kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, na baada ya marekebisho ya 2016 sheria hiyo inataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Nyara si pembe za ndovu peke yake, hata nyama ya kuro kwenye sufuria ni nyara. Mimi naiona adhabu hiyo ni kubwa mno kwa mtu aliyetafuta mboga, na nitalisema hilo mbele ya yeyote. Mwenye njaa na mwenye kontena la meno ya tembo hawapaswi kupimwa kwa kijiko kimoja. Lakini ndiyo sheria iliyopo leo, na leo ndiyo siku ambayo mwanao anaweza kukamatwa.

Nasikia pia hoja kwamba sheria inaruhusu kujitetea. Ni kweli. Sheria ya wanyamapori inamtambua mtu aliyeua mnyama kwa kutetea uhai au mali yake, mradi atoe taarifa, na mnyama yule anabaki mali ya serikali, hata nyama. Haisemi kwamba utetezi huo unalihalalisha gobore ulilokuwa umelificha kwenye dari. Utasamehewa nyati, utashtakiwa kwa bunduki.

Kwa nini wakubwa wamekuwa wakali hivi? Wazee mnakumbuka. Hesabu za Selous za miaka ya 1970 zilikuta tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya 2013 ilikuta kama 13,000. Magobore hayakuwamaliza peke yake, zilikuwamo raifo nzito na fedha za mijini, lakini yalitumika, na yalikuwa yakibebwa na watu wa vijiji kama chetu kwa malipo ya nauli na unga. Mwaka huohuo ikaja Operesheni Tokomeza. Watu walipigwa, mifugo ikauawa, wengine walipoteza maisha, Bunge likachachamaa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba 2013. Nani alilipa kwanza? Aliyekutwa na gobore kitandani. Kijiji kinachotangaza kwa muhuri kwamba kila kaya ina gobore kinajiandikia jina kwenye orodha ya operesheni ijayo.

Sasa msidhani nataka turudi nyumbani mikono mitupu. Nataka mkutano mkuu wa kijiji uazimie mambo ambayo ofisi haiwezi kuyakataa kwa kusema ni kinyume cha sheria.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: askari wanyamapori wa kijiji. Tunao vijana wanaojua pori kuliko ramani. Wachaguliwe kwenye mkutano, kwa majina, hadharani, wapelekwe mafunzo, na silaha zao ziwe halali, zikae kwenye ghala linalojulikana. Kijana mmoja aliyefundishwa, mwenye bunduki inayofaa na simu yenye salio, anatusaidia kuliko magobore arobaini darini. Halmashauri ya wilaya na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, waulizwe kwa barua: tembo akiingia shambani saa tatu usiku, nani anapigiwa simu, na anafika baada ya saa ngapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Wakija baada ya siku tatu kuhesabu nyayo, tuwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Wakati tunasubiri, vifaa vya kufukuzia. Uzio wa kamba na vitambaa vya pilipili na oili chafu unafanya kazi pale unapopakwa upya, na mizinga ya nyuki hivyohivyo. Mwaka jana tulishindwa kwa sababu kila mtu alisubiri jirani apake. Hilo ni letu, tusimsingizie waziri.

Kitoweo nacho kina njia. Tangu 2020 zipo kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha yenye leseni. Sisi tunaoishi na wanyama hatuna bucha hata moja karibu, nyama inauzwa mjini kwa wasiojua nyati ananukaje. Diwani wetu abebe hoja hiyo.

Na uwindaji wa wenyeji. Mtanzania anaweza kuomba leseni ya kuwinda, hilo lipo. Gumu ni kwamba mkulima akijumlisha bei ya bunduki, nauli za kwenda wilayani na mkoani, picha, fomu na kusubiri, anaona heri dari. Jirani zetu Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977 na mpaka leo umefungwa. Sisi tulifunga kwa miaka michache tu kisha tukafungua, mlango uko wazi ila ngazi tumeiweka juu. Tudai huduma iletwe chini: siku maalum za maombi na mafunzo kwenye makao makuu ya tarafa, na vikundi vya wakulima viangaliwe namna ya kuhudumiwa pamoja. Mbunge ajibu kama hilo linahitaji kubadili sheria au linahitaji tu mtu kutoka ofisini.

Najua nitakachoambiwa Jumamosi. Nitaambiwa mwenezi amekuwa msemaji wa askari. Wale askari waliompiga kijana wetu mmoja baada ya kumfunga pingu nimeshawaandikia malalamiko, na nakala ipo kwa katibu wa tawi, njooni muisome. Nitaambiwa pia kwamba haya yote yanachukua miaka na tembo anakuja kesho. Hilo sina jibu lake zuri. Nina jibu moja tu baya: kijana wa miaka ishirini na mbili akifungwa miaka 20, tembo bado atakuja kesho, na shamba halitakuwa na wa kulilinda.

Kwa wenye magobore, na mnajijua. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Kipindi kikitangazwa, msisubiri siku ya mwisho. Kabla ya hapo mtu asibebe gobore njiani eti anakwenda kulisalimisha. Akikutwa nalo barabarani, maelezo yake yatakuwa mafupi. Apite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, au aje kwangu usiku tuzungumze, nami nitamsindikiza kuuliza utaratibu. Sitaandika jina lake popote.

Kamati ya tawi inakaa Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe wa ofisi. Rasimu ya mzee itasomwa yote, neno kwa neno, na yangu itasomwa baada yake. Mtapiga kura kwa kunyoosha mikono. Familia za wale vijana wawili zinahitaji nauli ya kwenda mahakamani Jumatano, na mchango unapokelewa na mtunza hazina. Hadi sasa zimefika shilingi 46,000.

Katibu Mwenezi wa Tawi